Wimbi Moja, Kazi Mbili



Nyumba yako, iwe ya vyumba sita au ya chumba kimoja cha kupanga, haikosi wageni wasiobisha hodi. Sauti ya mtangazaji imo chumbani hata kama redio imezimwa. Picha za televisheni zimo ukumbini hata kama televisheni imefunikwa kitambaa. Maongezi ya simu ya majirani, ujumbe wa fedha walizotumiana na salamu za jamaa walio mbali, vyote vinapita katikati ya sufuria na vikombe vyako pasipo kutikisa hata kijiko. Vinachukuliwa na mawimbi ya redio, ambayo hutoka minarani, hupenya kuta na kutuzunguka usiku na mchana.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo watoto huliuliza mapema, na wakubwa aghalabu hulikwepa. Ikiwa mawimbi haya yanaweza kutuletea maneno bila waya, kwa nini yasituletee na umeme? Kwa nini mzazi anunue betri za redio na kulipia umeme wa kuchajia simu, ilhali hewa ya nyumba yake imejaa mawimbi asiyoyalipia senti?

Swali hili lastahili jibu la makini, maana lagusa mfuko wa mwananchi. Asiyejua jibu lake aweza kuuziwa kifaa cha uongo, na aweza pia kudharau kitu chenye manufaa ya kweli. Jibu la mkato ni hili: mawimbi huleta umeme, tena wimbi moja laweza kuleta habari na nguvu kwa wakati mmoja. Lakini kiasi chake ni kidogo mno, na kila moja kati ya kazi hizo mbili hudai fungu lake. Kwa hiyo leo tukae tupige hesabu, kwani wahenga walikwisha kutuasa kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

REDIO ISIYOKULA BETRI

Kwanza hatuna budi kuelewa kwamba hakuna habari isafiriyo bila nguvu. Ili usikie neno, ni lazima kiwambo cha sikio lako kisukumwe na hewa. Kadhalika, ili redio ipokee neno, ni lazima wimbi liutikise umeme uliomo katika waya wa antena. Wimbi lisilo na nguvu hata chembe haliwezi kutikisa kitu, na lisilotikisa kitu halisemi kitu.

Wasikilizaji wa redio wa Ulaya na Marekani katika miaka ya 1920 walilijua jambo hili kwa vitendo. Maelfu yao walitumia redio za kijiwe, ambazo hazikuwa na betri wala waya wa umeme wa nyumbani. Redio hiyo ilikuwa na waya mrefu uliotundikwa nje, kipande cha jiwe la galena, ambalo ni mawe yenye madini ya risasi, na kisimbo chembamba cha chuma kilichogusishwa juu ya jiwe hilo. Mwanasayansi wa India, Jagadish Chandra Bose, alikuwa amepewa nchini Marekani hati ya kulinda uvumbuzi wake wa kipokezi cha namna hiyo mwaka 1904. Msikilizaji alivaa visikizi masikioni, na sauti aliyoisikia ilisukumwa na nguvu ile ile iliyotoka katika mnara wa kituo cha utangazaji. Wimbi moja lilileta maneno, na lilileta pia mkono wa kuyasukuma maneno hayo hadi sikioni.

Kwa nini basi tuliiacha redio hiyo? Kwa sababu nguvu yake ilimtosha mtu mmoja mwenye visikizi, tena akae kimya. Watu walipotaka sauti ya kujaza ukumbi, ikabidi nguvu itafutwe kwingine, katika betri au katika waya. Tangu hapo wimbi likaachiwa kazi moja ya kuleta habari, na kazi ya kuleta nguvu ikapewa mwingine. Kila nyumba iliyowahi kuanika betri za redio juani, ili zisogeze angalau taarifa ya habari ya jioni moja zaidi, yajua uzito wa mgawanyo huo.

MNARA ULIOBOMOLEWA

Alikuwapo mtu mmoja aliyekataa kabisa kuzitenganisha kazi hizo mbili. Huyo ni Nikola Tesla, mhandisi maarufu wa umeme. Mwaka 1901 alianza kujenga mnara mkubwa uitwao Wardenclyffe katika kisiwa cha Long Island, karibu na jiji la New York, kwa fedha za tajiri J. P. Morgan. Alikusudia mnara huo upeleke habari ng'ambo ya bahari, na hatimaye upeleke na umeme, ili mtu popote alipo aweze kuupokea bila waya.

Desemba ya mwaka huo huo, Guglielmo Marconi alitangaza kwamba amepokea ishara iliyovuka bahari ya Atlantiki kwa mitambo iliyogharimu kidogo kuliko ya Tesla. Morgan alikataa kuongeza fedha, kazi ikasimama, na mwaka 1917 mnara ukabomolewa. Marconi aliyetaka habari peke yake akafaulu, na Tesla aliyetaka habari na nguvu pamoja akaachwa na deni. Je, fedha ndizo zilizomwangusha, au maumbile yenyewe yalimkatalia? Tuendelee, nawe utajionea.

PAMPU YA BAISKELI

Umeme unaotikiswa na wimbi ndani ya antena huenda mbele na kurudi nyuma. Wimbi la simu la megahetsi 1800 hufanya hivyo mara milioni 1,800 katika sekunde moja. Umeme wa namna hiyo hauwezi kujaza chombo chochote, kwa kuwa kinachoingizwa na mwendo wa kwenda hutolewa na mwendo wa kurudi.

Fikiri juu ya pampu ya baiskeli. Mkono wako hushuka na kupanda, lakini upepo huingia ndani ya tairi na hautoki. Siri imo katika valvu, ambayo hufunguka upepo unapoingia na kujifunga unapotaka kutoka. Katika kifaa cha kuvuna nguvu ya mawimbi, kazi ya valvu hufanywa na dayodi, na kazi ya tairi hufanywa na kapasita, yaani kibuyu kidogo cha kuhifadhia umeme. Wimbi husukuma, dayodi hupitisha upande mmoja tu, na kapasita hujaa polepole. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini kila aliyewahi kujaza upepo anajua jambo moja zaidi. Ukiisukuma pampu kwa unyonge mno, valvu haifunguki, na waweza kusukuma kutwa nzima tairi likabaki limelala. Dayodi nayo ina ukaidi huo huo. Wimbi likiwa dhaifu kupita kiasi, haliifungui, na kibuyu hakipati hata tone.

SIKIO NA TUMBO

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha mazungumzo yetu. Habari huingia kwa sikio, na nguvu huingia kwa tumbo. Sikio hutosheka na mnong'ono, lakini tumbo halishibi kwa mnong'ono.

Tuziangalie tarakimu. Simu ya mkononi yaweza kuelewa ishara yenye nguvu ya takriban sehemu moja ya trilioni 10 ya wati. Hicho ni kiasi kidogo ajabu, na simu hukielewa kwa sababu ina betri yake ya kukuzia mnong'ono huo. Vifaa vingi vya kawaida vya kuvuna nguvu, kwa upande wao, huanza kufanya kazi nguvu inapofikia karibu mikrowati 10, na mikrowati moja ni sehemu moja ya milioni ya wati. Linganisha mwenyewe: tumbo linadai takriban mara milioni 100 ya kile kinacholitosha sikio.

Ndiyo maana mtu aweza kuongea na simu akiwa kilomita nyingi kutoka mnarani, lakini hawezi kuichaji kutokana na mnara huo. Wimbi hutawanyika kadiri linavyosonga mbele, kama mwanga wa karabai. Ukisogea mbali mara mbili, mwanga unaokuangukia haubaki nusu, bali hubaki robo. Ukisogea mara kumi, hubaki sehemu moja ya mia. Sikio huvumilia hasara hiyo, tumbo haliwezi.

HESABU YA SIMU YAKO

Watafiti wa chuo cha Imperial huko London waliwahi kupima nguvu ya mawimbi nje ya vituo vyote 270 vya reli ya chini ya ardhi ya jiji hilo, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2013. Kundi la mawimbi lililokuwa na nguvu zaidi lilikuwa lile la simu la megahetsi 1800, nalo kwa wastani lilikuwa na nanowati 84 katika kila sentimita moja ya mraba. Nanowati moja ni sehemu moja ya bilioni ya wati.

Sasa chukua kifaa chenye ukubwa wa sentimita 10 kwa 10, kiasi cha kiganja cha mtu mzima. Hizo ni sentimita za mraba 100. Hata tukikichukulia kuwa hodari kiasi cha kutopoteza chochote, kitavuna mikrowati 8.4. Betri ya simu ya kisasa hubeba nguvu ya kuwasha taa ya wati 15 kwa muda wa saa moja. Gawanya. Utakuta kwamba kuijaza betri hiyo kwa kifaa hicho kutachukua zaidi ya saa milioni 1.7, ambazo ni zaidi ya miaka 200, na muda wote huo simu iwe imezimwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, atakapokujia mtu na kibandiko au kijisanduku akadai kwamba kitaichaji simu yako kwa mawimbi ya hewani usiku mmoja, mkumbushe hesabu hii. Mwaka 2010, katika maonyesho ya vifaa vya umeme huko Las Vegas, kampuni moja ilionyesha kifaa kilichodaiwa kuchaji simu kwa mawimbi ya intaneti ya nyumbani. Magazeti yaliandika kwa furaha, lakini kifaa hicho hakikufika madukani.

Hesabu hiyo hiyo ina faraja ndani yake kwa wale wanaoiogopa minara. Kiwango ambacho tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, iitwayo kwa kifupi ICNIRP, imekiweka kuwa kikomo kwa raia katika mawimbi hayo ya megahetsi 1800 ni wati 9 kwa kila mita ya mraba. Wastani uliopimwa London ulikuwa chini ya kikomo hicho kwa zaidi ya mara 10,000. Udogo unaotunyima umeme wa bure ndio huo huo unaotuepusha na joto la mawimbi. Mtu hawezi kudai kwamba mawimbi ya mtaani ni makali kiasi cha kumchoma, na wakati huo huo akalalamika kwamba hayamchajii simu.

NGOMA INAYOSEMA

Hata pale ambapo wimbi lina nguvu ya kutosha, liko tatizo la pili, nalo ni la kupendeza kulifikiri.

Mpiga ngoma anayepeleka ujumbe kijiji cha pili hasemi kwa mapigo peke yake. Husema pia kwa kimya kilichopo kati ya pigo na pigo. Akipiga mfululizo bila kupumzika, ngoma italia kwa nguvu zake zote, lakini msikilizaji hatapata neno hata moja. Mwaka 1948 Claude Shannon wa Marekani alionyesha kwa hesabu kwamba habari hupimika, na kwamba jambo linalojulikana kabla halijasemwa si habari. Ngoma isiyonyamaza haina jipya. Basi anayetaka nguvu atapenda ngoma ipigwe daima, na anayetaka habari atapenda inyamaze mara kwa mara. Hawa wawili wanagombea ngoma moja.

Mwaka 2008, katika mkutano wa kitaalamu uliofanyika Toronto, nchini Kanada, Lav Varshney aliuweka ugomvi huo katika mizani ya hesabu. Mfano mmoja mwepesi utatuonyesha sura yake. Tuseme mpiga ngoma ana nafasi 100, na katika kila moja ama hupiga ama hunyamaza. Akipiga kwa wastani nafasi 50, habari hufika kilele chake. Akipiga zote 100, nguvu hufika kilele na habari huwa sifuri. Na akipiga 75 je? Nguvu imeongezeka kwa nusu kuliko ile ya mapigo 50, ilhali habari imeshuka hadi kiasi cha asilimia 81 ya kilele chake.

Hebu litazame jambo hilo vizuri. Kwa kuacha chini ya moja ya tano ya habari, umepata nyongeza ya nusu ya nguvu. Si biashara mbaya. Lakini ukizidi kung'ang'ania nguvu, kila nyongeza ndogo itakugharimu habari nyingi kuliko ile iliyotangulia. Mwenye nyumba aliyewahi kuugawa mshahara mmoja kati ya kodi na chakula anaielewa hesabu hii bila kwenda Toronto. Kulipunguza fungu moja kidogo humsaidia mwenzake sana, lakini kulimaliza kabisa huiangusha nyumba.

NAMNA ZA KUGAWANA

Wataalamu wamebuni njia kadhaa za kuupatanisha ugomvi huo ndani ya kipokezi. Rui Zhang na Chin Keong Ho, watafiti wa Singapore, walizieleza mbili kati yake katika andiko lao lililochapishwa mwaka 2013.

Njia ya kwanza ni ya zamu. Kwa muda fulani antena hulisha kapasita, kisha swichi hugeuzwa na antena ile ile ikasikiliza habari, halafu zamu hurudi. Ni njia nyepesi, lakini kila dakika ya kula ni dakika ya kutosikia.

Njia ya pili ni ya mafungu. Wimbi linaloingia hugawanywa papo hapo, fungu moja likaenda kwenye kapasita na jingine kwenye sikio. Kwa kuwa tumbo ni lafi na sikio ni la kiasi, fungu kubwa hupelekwa tumboni.

Iko njia ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye hekima kuliko zote. Kifaa kinachotaka kusema hakitoi wimbi lake chenyewe, kwa kuwa kutoa wimbi ndiko kunakokula nguvu. Badala yake huyarudisha au kuyameza mawimbi ya wengine yaliyokwisha kuwapo hewani, kama mtoto anayechezea kipande cha kioo juani na kummulikia mwenzake upande wa pili wa barabara. Mtoto hakuliwasha jua, ila anauinua na kuuinamisha mkono tu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walionyesha vifaa viwili visivyo na betri vikiongea kwa kurudishiana mawimbi ya mnara wa televisheni. Viliweza kupelekeana ishara 1,000 kwa sekunde, vikiwa vimetengana kwa umbali usiofika mita moja. Mwaka 2017 watafiti wa chuo hicho wakaonyesha simu isiyo na betri iliyotumia takriban mikrowati 3.5 tu. Iliweza kupeleka na kupokea maneno umbali wa mita 9 hivi kutoka kwenye mtambo maalumu uliokuwa ukiilisha mawimbi.

Angalia vyema ni nini kilichowezesha jambo hilo. Wimbi halikuongezwa nguvu hadi likaitosha simu ya kawaida. Simu ndiyo iliyopunguziwa ulaji hadi ikatoshwa na wimbi. Tesla alitaka kuupeleka umeme mwingi kwa kila mtu, na maumbile yakamkatalia kwa sheria ya karabai. Warithi wake wamefaulu kwa kutengeneza vitu visivyo na njaa.

UNAYO TAYARI MFUKONI

Usidhani kwamba mambo haya ni ya maabara peke yake. Kadi ya kugusisha, ya namna inayotumika kulipia nauli au kufungulia mlango wa ofisi, haina betri. Chombo cha kusomea hutoa wimbi la megahetsi 13.56. Kadi ikisogezwa karibu, kiasi cha sentimita 10 au pungufu, waya uliozungushwa ndani yake hupata umeme, kijichombo chake huamka, husikia swali, hujibu, kisha hulala tena. Wimbi lililomwamsha ndilo lililombebea swali. Katika aina moja ya kadi hizi, chombo cha kusomea husema kwa kulikata wimbi lake kwa nukta ndogo sana, karibu sehemu tatu za milioni za sekunde, na katika kimya hicho kadi huishi kwa akiba iliyomo katika kapasita yake. Ndiyo ngoma yetu na mapumziko yake, ndani ya mfuko wa shati.

Pasipoti ya kielektroniki, ambayo Tanzania iliizindua mwaka 2018, hufanya kazi kwa utaratibu wa jamii hiyo hiyo. Na ile sahani ya kuchajia simu bila waya ni ndugu yao mkubwa. Yenyewe hufaulu kutoa nguvu nyingi kwa sababu simu imelazwa juu yake na umbali umefutwa, na kupitia njia ile ile ya nguvu simu huiambia sahani iongeze au ipunguze.

Lipo somo la tahadhari pia. Mwaka 1945 watoto wa Kisovyeti walimpa Averell Harriman, balozi wa Marekani mjini Moscow, zawadi ya nembo ya nchi yake iliyochongwa kwa mti. Ilitundikwa katika makazi ya balozi hadi mwaka 1952, ilipogunduliwa kwamba ndani yake mlikuwamo kinasa sauti kilichobuniwa na Leon Theremin. Hakikuwa na betri wala waya. Kilikuwa kitu mfu mpaka wimbi lilipoelekezwa kwake kutoka nje, ndipo kikaamka na kurudisha maneno ya waliokuwamo chumbani. Kitu kisicho na betri, kwa hiyo, si lazima kiwe bubu. Kadi yako ya malipo itunze kama unavyoitunza fedha taslimu, wala usimwachie mtu usiyemjua aende nayo kando.

FAIDA YAKE NI IPI?

Pengine utauliza kuna haja gani ya kuhangaikia mikrowati. Mwaka 2009 watafiti wawili huko Seattle walivuna mikrowati 60 kutoka mnara wa televisheni uliokuwa umbali wa kilomita 4.1, na nguvu hiyo ikatosha kuendesha kipimajoto chenye kupima na unyevu wa hewa. Kipimajoto ni kitu kidogo, naam. Lakini fikiri juu ya vipimo vingapi vinahitajika mahali ambapo mtu hawezi kwenda kila mara kubadilisha betri: katika nyufa za daraja, juu ya paa la ghala, katika udongo wa bustani kubwa, ndani ya ukuta wa jengo. Betri moja ni kitu rahisi kuibadilisha. Betri elfu kumi ni kazi ya kuajiri watu, na zikichakaa huwa taka zenye sumu ambazo aghalabu hutupwa jalalani wanakochezea watoto. Kila kifaa kinachoweza kuishi bila betri kinatupunguzia mzigo huo.

Wala mvunaji huyo mdogo hamwibii mtu. Mawimbi anayoyachukua akiwa mbali na mnara ni yale ambayo yangemezwa na kuta, miti na ardhi. Mnara hautoi zaidi kwa sababu yake, wala jirani hasikii pungufu.

MASWALI MATATU YA KUMWULIZA MWUZAJI

Basi, ndugu msomaji, utakapoonyeshwa kifaa kinachosemekana kula mawimbi, usikimbilie kucheka wala kufungua pochi. Uliza mambo matatu. Kwanza, chanzo cha wimbi ni kipi, na kiko umbali gani? Kikiwa sentimita chache, laweza kuwa jambo la kweli. Kikiwa mnara wa mtaa wa pili, tia shaka. Pili, kifaa chenyewe kinakula kiasi gani? Kama ni kipimo kidogo kinachoamka mara moja kwa saa na kulala tena, yawezekana. Kama ni simu, feni au taa ya ukumbini, haiwezekani. Tatu, uliza kinaweka akiba wapi na kwa muda gani. Mvunaji wa kweli hachoki kungoja, na mwuzaji mkweli hataona haya kukutajia muda huo wa kungoja.

Ukishauliza hayo, mfundishe na mtoto wako. Anapolala na kukuuliza kama redio iliyozimwa bado inasema, mwambie kwamba maneno yamo chumbani, na nguvu kidogo imo pamoja nayo. Mwambie pia kwamba nguvu hiyo haiwezi kuwasha taa, ila yaweza kumwamsha mtumishi mdogo asiyekula sana.

Jumapili ijayo, tukijaliwa, tutaizungumzia betri ya simu: kwa nini huchoka, na ni mazoea gani ya nyumbani yanayoirefushia umri. Hadi wakati huo, nakutakia mapumziko mema wewe na jamaa yako yote.